Kilichoyasukuma Maji

Katika nchi yetu ya Songwe iko mito miwili yenye jina hilo hilo moja, na mgeni asiyelijua jambo hili aghalabu huchanganyikiwa: Songwe mmoja hushuka kusini-mashariki, ukiwa mpaka baina ya Tanzania na Malawi, ukaishia Ziwa Nyasa, Songwe wa pili hushika njia ya kaskazini na kuyamwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Sisi wa Ikinga, ambao kata yetu imekaa katika milima ya Wilaya ya Ileje, ni watu wa ule wa kwanza, na tangu utotoni tumezoea maji yasiyohitaji mtu wa kuyasukuma, maana mteremko huyasukuma usiku na mchana bila ujira. Labda ndiyo sababu, nilipoanza kuitafuta tarikh ya njia kuu ipitayo Tunduma, sikushughulika sana na magavana wala na mikataba, bali nilijikuta nikiuliza swali ambalo wenye kuandika vitabu vikubwa hawalijali: je, maji ya gari, yale yanayozunguka ndani ya injini na rejeta yasipate kuchemka, yalisukumwa na nini tangu siku gari la kwanza lilipopandishwa nyanda hizi?

Kabla ya gari palikuwa na miguu. Mwaka 1881 tajiri wa Kiskoti, James Stevenson, alitoa fedha ijengwe njia kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na mhandisi James Stewart aliyekabidhiwa kazi hiyo akafariki mwaka 1883 kabla hajaimaliza. Njia ile haikupata kuwa barabara kamili, walakini jina lake lilikuwa na nguvu kuliko udongo wake, kwani Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, mpaka ulichorwa kwa namna ya kuiacha Njia ya Stevenson upande wa Waingereza. Na mpaka huo ndio ulioifanya Tunduma kuwa mlango, ukawagawa ndugu wa ukoo mmoja wasiokuwa na habari kwamba wamegawanywa. Mizigo yote ya zama hizo ilikwenda juu ya vichwa na mabega, na katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi walichukuliwa maelfu kwa maelfu pande zote mbili za mpaka huo, wengi wao wasirudi. Pagazi hakuwa na rejeta: alipozwa na jasho lake na upepo, na maji yake yalikuwa ndani ya kibuyu. Nalitaja hili si kwa kufanya mzaha juu ya msiba, bali kwa kuwa kanuni ni ile ile. Kila chenye kufanya kazi hutoa joto, na joto lisipopata njia ya kutoka humwua mwenye kulibeba.

Gari lililoeneza habari ya motokaa duniani, Ford ya muundo wa T, lilianza kuuzwa mwaka 1908, na hadi lilipokoma mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa magari milioni 15. Magari yapatayo 2,500 ya mwanzo yalikuwa na pampu ya maji. Kisha kiwanda kikaitoa pampu ile, na mamilioni yaliyofuata hayakuwa nayo. Msomaji atastaajabu: maji yalizunguka vipi? Yalizunguka kwa maumbile yake yenyewe. Maji yakipata moto hutanuka na kuwa mepesi, yakapanda juu kwa bomba la juu hadi kichwani pa rejeta. Yakipoa huwa mazito, yakashuka na kurudi injini kwa bomba la chini. Ni hila nzuri, isiyo na chuma cha kuvunjika wala mkanda wa kukatika, na mimi binafsi naihesabu kuwa miongoni mwa mambo ya adabu kubwa katika ilmu ya mashine, madhali mwenye kuleta taabu, yaani joto, ndiye huyo huyo anayetumwa kuiondoa.

Lakini hila ile ilikuwa na sharti lake. Maji yakipungua kidogo tu, hata yakawa chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko hukatika palepale, na yaliyobaki husimama ndani ya injini kama maji ya chungu juu ya mafiga. Ndipo dereva wa zamani akawa mtu wa kuvijua vijito vyote vya njia yake. Alisimama kwenye kila kivuko, utingo akashuka na debe, na safari ikapimwa kwa maji kama misafara ya jangwani ipimwavyo kwa visima. Fauka ya hayo, katika nyanda zenye kimo cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, maji hayangoji digrii 100 ndipo yachemke, bali huchemka kwenye digrii 95 takriban, maana hewa inayoyakandamiza ni chache. Kwa hiyo gari lililotoka pwani likiwa na afya njema lilifika kwetu likiwa limekwisha pungukiwa digrii tano za salama, na hali hapo ndipo milima ianzapo.

Lugha yetu ililihifadhi jambo hili. Tunasema gari limechemsha, wala hatusemi maji ndiyo yamechemka, kana kwamba gari lenyewe ni sufuria. Na vijana wa leo wanaposema kwamba fulani kachemsha, wakimaanisha kwamba ameshindwa jambo aliloliazimia, wengi wao hawakumbuki kwamba huenda usemi ule ulizaliwa kando ya barabara, boneti likiwa wazi na mvuke ukipanda.

Pampu ilirudi. Ford ilipotoa gari lake jipya la muundo wa A mwishoni mwa mwaka 1927, pampu ya maji ilikuwa imo, ikizungushwa kwa mkanda pamoja na feni, na malori yaliyofuata yakashika desturi hiyo. Katika miaka ya 1930 vijana wa milima yetu walikwenda kwa miguu na kwa malori hadi machimbo ya dhahabu ya Lupa, na baadaye kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakipitia Tunduma. Na baada ya vita vikuu vya pili mabasi na malori ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki yakawa yakitoka Dodoma kupitia Iringa hadi Mbeya. Sina la kueleza zaidi juu ya zama hizo, isipokuwa hili: pampu ya mkanda ilimwondolea utingo nusu ya madebe yake, ila haikumwondolea dereva haja ya akili. Pampu hiyo ni mtumwa wa injini. Injini ikienda polepole nayo huenda polepole, na mlimani, dereva mvivu anaposhikilia gia kubwa hata injini ikaanza kuguna, joto huwa kubwa kabisa katika saa ile ile ambayo pampu na feni vinazunguka kidogo kabisa. Dereva stadi hupunguza gia mapema. Watu husema anaogopa mlima. Kumbe anawanywesha maji watumishi wake.

Ilipotimia tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao wa kidhalimu, na Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru wa haki, ikajikuta mafuta yake yamefungwa kusini. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mafuta kwa muda, lakini ndege si chombo cha kulisha nchi. Ikabaki Barabara Kuu ya Kaskazini, ya udongo kwa sehemu yake kubwa, kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma zaidi ya kilomita 900, kisha mbele tena hadi Ukanda wa Shaba. Malori ya kila namna yakamiminwa juu yake, yakibeba mapipa ya petroli na dizeli kwenda, na shaba kurudi. Na kwa ajili ya matope ya masika, vumbi la kiangazi na maiti zilizookotwa makorongoni, barabara ile ikaitwa Njia ya Jehanamu. Serikali mbili, ya Tanzania na ya Zambia, zikaungana mwaka 1966 na kampuni ya Kitaliana kuunda shirika la uchukuzi la pamoja, nalo likaleta malori ya Fiat yenye kuvuta trela, mazito, ya pua fupi, ambayo watu wa makamo wa Mbeya na Mbozi wanayakumbuka kwa mngurumo wake.

Tafakari, ewe msomaji, kejeli iliyokuwamo katika safari zile. Lori lilibeba mgongoni mapipa yenye ujazo wa lita 200 kila moja, mali ya taifa zima, na pembeni mwake lilining'iniza dumu moja la maji ambalo bila hilo mapipa yote yasingefika. Katika matope gari hukokota kwa gia ya kwanza, injini ikilia kwa nguvu zake zote ilhali mwendo ni wa mtu anayetembea. Pampu inasukuma maji vyema, lakini upepo wa kuipoza rejeta haupo, na matope yamekwisha ziba matundu yake. Hapo tatizo si maji tena bali hewa. Wasiojua walimwaga maji baridi juu ya injini yenye moto, wakasikia mlio mdogo kama wa kikombe kuvunjika, na huo ndio uliokuwa mlio wa silinda hedi ikipasuka. Wenye kujua waliacha injini iendelee kunguruma polepole, maana ukiizima ghafla pampu husimama nayo, na joto lililokuwa limetawanyika hurudi kukusanyika mahali pamoja.

Kisha likaja jambo ambalo kwa mwenye kufuata habari za pampu ni la kupendeza kuliko yote. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilifunguliwa. Na yale mafuta yaliyokuwa yakipandishwa milima na injini mia mbili mia tatu kwa wakati mmoja, kila moja na rejeta yake na utingo wake na hofu yake, yakaanza kupita chini ya ardhi kimya kimya, yakisukumwa na pampu zilizowekwa kituo baada ya kituo. Lami nayo ikaja miaka iliyofuata, na reli ya TAZARA, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1970 na Wachina pamoja na wenzetu wa nchi mbili, ikakabidhiwa rasmi mwezi wa Julai 1976, ikivuka mpaka papo hapo Tunduma. Jehanamu ikafungwa, ila malori hayakufungwa. Leo mtu akisimama Tunduma akayatazama yalivyopangana kungoja kuvuka, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa mwaka 2019, ataona kwamba bomba na reli vilichukua sehemu tu ya mzigo, na mwingine wote ukabaki juu ya mpira.

Malori haya ya leo yana kitu ambacho Fiat zile hazikuwa nacho. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alisajili hataza ya hila ya kutumia moshi unaotoka katika injini uzungushe gurudumu, na gurudumu hilo lizungushe jingine lenye kukandamiza hewa mpya na kuisukuma ndani. Ndiyo tuiitayo turbo. Volvo iliitia katika lori la dizeli la kuuzwa mwaka 1954. Kwa nchi zenye mwinuko faida yake haina kipimo, kwa kuwa penye mita 1,500 hewa imepungua kadiri ya sehemu moja katika saba, na injini isiyo na turbo hupumua kama mzee mwenye pumu. Lakini hewa ikikandamizwa hupata moto, kama ajuavyo kila aliyeigusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi, na hewa ya moto ni nyepesi. Hivyo turbo hutoa kwa mkono wa kulia na kunyang'anya kwa mkono wa kushoto. Dawa yake ni kuipoza hewa ile kabla haijaingia injini, na chombo cha kuipozea ndicho intakula. Mwishoni mwa miaka ya 1970 neno hilo la Kiingereza likaanza kuandikwa usoni pa malori makubwa. Mimi nilipokuwa mtoto nililisoma "itakula", nikadhani ni onyo la tajiri kwa dereva kwamba gari hili lina ulafi wa mafuta.

Intakula ya lori hupozwa kwa upepo wa safari. Iko namna ya pili, ipozwayo kwa maji, nayo ndiyo iliyonirudisha katika swali langu la awali. Lita moja ya maji huweza kubeba joto ambalo hewa ingehitaji lita elfu tatu na zaidi kulibeba. Kwa hiyo chombo kidogo cha maji, kilichokaa karibu na injini, hufanya kazi ya sahani kubwa ya hewa, na njia ya hewa kutoka turbo hadi injini huwa fupi. Toyota Celica GT-Four ya kwanza, iliyotoka mwaka 1986, iliuzwa ikiwa na intakula ya maji, na gari la ukoo huo ndilo lililompa Björn Waldegård ushindi wa Safari Rally mwaka 1990, katika barabara za Kenya ambazo hazina huruma kuliko zetu. Subaru Legacy zenye turbo za wakati huo nazo zilikuwa na intakula ya maji. Sasa zingatia: maji haya si yale ya rejeta kubwa, ambayo yana joto la digrii 80 na 90 na hayawezi kupoza kitu; ni maji ya peke yake, yenye rejeta yao ndogo ya mbele, na hayafungwi mkanda na injini. Husukumwa na pampu ya umeme. Baada ya miaka themanini maji yamepata msukumaji aliye huru, asiyepunguza kasi injini inapopunguza, wala asiyelala injini inapolala.

Mwaka jana mtoto wa ndugu yangu alinunua mojawapo ya Subaru hizo za zamani, akaitia intakula kubwa kuliko ya asili, kisha akanipeleka kwa fundi mmoja wa Tunduma ili nishuhudie pampu ikichaguliwa. Juu ya meza palikuwa na pampu tatu: moja ndogo ya Kijerumani, ya aina ya zile zinazozungusha maji ya hita, moja ya inveta ya Toyota Prius, ambazo siku hizi zimejaa kwa wauza spea za mitumba, na ya tatu kubwa, mpya, yenye maandishi ya lita nyingi kwa dakika. Kijana aliinyoshea mkono ile ya tatu. Fundi akatabasamu.

"Shikamoo, Mzee," aliniambia kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa kuingia. Kisha akamgeukia kijana. "Hizo lita zilizoandikwa ni za pampu isiyofungwa kitu chochote. Ukishaifunga mipira yenye kona, rejeta nyembamba na hiyo intakula yako, utapata kiasi gani? Niulize inasukuma mpaka kimo gani, usiniulize inamwaga lita ngapi."

Maneno hayo yalikuwa na ilmu yote ndani yake. Pampu ya namna hii, yenye bawa linalozunguka, huwa na nguvu mbili zinazobadilishana: ikipata njia pana humwaga maji mengi kwa msukumo mdogo, ikipata njia nyembamba msukumo huongezeka na wingi wa maji hupungua, hata ikifika kikomo husukuma kwa nguvu zake zote na maji yasiende. Baina ya pampu mbili zenye maandishi sawa, iliyo bora ni ile ambayo wingi wake haupungui upesi mzunguko unapobana. Na ile kubwa ya mezani, iliyoundwa kwa ajili ya kuhamisha maji katika bomba pana, ingeweza kushindwa na ndogo iliyoundwa kwa njia nyembamba. Kijana, kama walivyo wengi, alikuwa na hoja nyingine ya gereji: kwamba maji yakienda mbio mno hayapati wasaa wa kupoa ndani ya rejeta. Hoja hii ni ndugu wa ile itumikayo kung'oa thamostati, na zote mbili zimewaponza watu. Maji yaendayo mbio hukaa kidogo ndani ya rejeta, ndiyo, lakini hukaa kidogo vilevile ndani ya intakula, na hurudi mara nyingi zaidi. Jumla ya joto linalotoka haipungui, bali huongezeka, ingawa nyongeza hiyo hudhoofika kadiri mwendo uzidivyo, mpaka inafika mahali ambapo umeme unaoliwa na pampu haulipi.

Walichukua ile ya Prius. Fundi aliifunga chini kabisa, chini ya usawa wa rejeta ndogo, kwa sababu pampu hii haiwezi kunyonya hewa na ikianza kazi ikiwa kavu hujiunguza. Dumu la akiba akaliweka juu kuliko kila kitu ili mapovu yapate pa kutokea. Waya akauvuta mnene moja kwa moja kutoka betri kupitia rilei, maana waya mwembamba hula umeme njiani na pampu ya volti 12 ikajikuta inapata 10. Ndani akamimina kulanti iliyochanganywa na maji safi, si maji matupu ya bombani, ambayo yangeitia kutu intakula mpya kabla masika hayajaisha.

Usiku ule tulirudi kwa barabara ya Mpemba na Isongole, kisha tukaacha lami tukaanza kupanda. Kwenye mteremko mrefu wa mwisho kabla ya nyumbani kijana alisimamisha gari, akaacha swichi wazi na injini akaizima, akafungua kifuniko cha dumu la akiba na kumulika ndani kwa simu. Injini ilikuwa kimya kabisa. Ndani ya dumu, kutoka katika bomba la kurudishia, maji yalikuwa yakiingia kwa mkondo mmoja usiokatika, mnene kama kidole, na chini yetu bondeni ulisikika mwingine ukishuka kuelekea Nyasa.